Vuta, Shemeji

Katika Kilakala nzima, kuanzia shule ya wasichana mpaka kule mlima unapoanza kupanda, hakuna mwanamke anayeyajua magari kama mimi. Nayajua kwa sauti, kwa harufu na kwa kikohozi. Kuendesha sijawahi, hilo niliseme mapema kabla jirani hajanisemea. Na siku pekee niliyokaa kiti cha mbele ni kwa sababu cha nyuma alikikalia mbuzi wa watu, naye alikuwa amelipiwa nauli. Lakini habari ya Kiini cha Yai naijua yote, hata zile sehemu ambazo sikuwepo, maana waliokuwepo wamenisimulia mmoja mmoja, kila mtu akijisifu yeye na kuwacheka wenzake. Mimi nimechukua vicheko, sifa nimewaachia wenyewe.

Kiini cha Yai ni kigari cha Luqmani, cha njano, cha Kiingereza, cha zamani, kidogo kiasi kwamba ukikiegesha kando ya mgomba watu watakitafuta. Luqmani mwenyewe ni mtu wa kifua na tumbo, ameendesha matrekta ya mashamba ya miwa mpaka akastaafu, na akiingia mle ndani huwezi kusema amepanda gari. Amelivaa.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa Shaabani, Luqmani alikuwa ampeleke Shakila, mtoto wa dada yake, kwa mumewe Mkuyuni. Ndoa ilikwisha fungwa msikitini jana yake. Kilichobaki ni mwali kufikishwa. Na kwetu Waluguru mwenye mwali ni mjomba. Baba tunampenda, tunamtengea na paja la kuku, lakini baba kwetu ni mgeni aliyechelewa kuaga. Kwa hiyo kikao kilipokaa, Luqmani alisimama akajipigapiga kifua.

"Mtoto wa dada yangu nampeleka mimi, kwa gari langu, kwa mikono yangu. Jua likizama sijafika Mkuyuni, tafuteni mjomba mwingine."

Hamza, baba mzazi wa Shakila, alikuwa ameomba kwa adabu akodi Noah. Akaambiwa akae. Akakaa. Hamza ni fundi cherehani, mwembamba kama futikamba yake, na kukaa amekuzoea; ila siku ile alikaa kama aliyekalia sindano.

Mambo yangekuwa mepesi kama isingekuwa mama mkwe. Bi Mwanvita, mama wa bwana harusi, alituma ujumbe kutoka Mkuyuni, na ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: mwali wa kwake haingii nyumbani na giza kama mdaiwa anayekwepa watu. Akija baada ya Magharibi, alale hukohuko alikotoka, na aliyemleta akalale naye.

*

Baada ya Adhuhuri akina mama walitangulia na Canter, wao, masufuria yao na ngoma zao. Nyumbani wakabaki wachache. Alikuwepo Zuleha, mama wa mwali na dada wa Luqmani, ambaye kwa desturi haendi. Alikuwepo Hamza mumewe, ambaye haendi vilevile. Mwali alikwisha ingizwa kiti cha nyuma, shela limejaa mpaka kwenye madirisha, na pembeni yake amebanwa Bi Semeni, somo wake, bibi kizee mwenye meno machache na maneno mengi.

Luqmani akavaa gari lake. Akawasha. Kiini kikaitika. Akaweka gia, akakanyaga mafuta, chini ya mguu wake kitu kikalia *twi*, na pedeli ikaenda mpaka sakafuni ikalala hapohapo kama mbwa aliyeshiba. Injini iliendelea kunguruma kidogokidogo, kwa sauti ya mtu anayesoma moyoni.

"Hakuna kitu," Luqmani alisema.

"Kama hakuna kitu mbona hatuendi?" Bi Semeni aliuliza.

"Ni waya wa mafuta. Umekatika kichwa. Kazi ya dakika moja."

Sasa, kwa wasiojua magari kama nisivyojua mimi: waya huo unatoka kwenye injini, unapenya ukuta, unachungulia chini ya dashibodi pale miguu inapokaa, na kichwa chake kinashikana na pedeli. Kuufikia, lazima mtu aingie kwenye lile shimo la miguu. Na shimo la miguu la Kiini cha Yai lilitengenezwa kwa watu ambao chakula chao kikuu si ugali.

Luqmani alijaribu kuingia kwa mkono, mkono haukufika. Akajaribu kwa bega, bega likakataa. Mwishowe akalala chali juu ya kiti, akateremsha kichwa chini ya usukani, na kwa kuwa kichwa kikienda chini miguu lazima iende mahali, miguu ikapanda juu ya mgongo wa kiti ikatokea nyuma, nyayo mbili kubwa za soksi mbele ya uso wa bibi harusi. Soksi moja ilikuwa na dirisha, na dole gumba lilikuwa limekuja dirishani.

"Mwali, geuka huko," Bi Semeni alisema. "Hili halimo kwenye mafunzo."

Shela likatikisika. Mwali siku hiyo haongei wala hacheki, lakini hakuna aliyewahi kulifundisha shela.

"Zuleha!" Sauti ya Luqmani ilitoka chini kama ya mtu aliye mtungini. "Nipe plaizi."

Zuleha alikuwa amesimama mlangoni na plaizi mkononi. "Nikupe wapi? Mkono wako uko wapi?"

"Huu hapa!"

"Huo mguu, kaka."

"Huu mwingine!"

"Huo nao mguu."

Hatimaye vidole vikajitokeza kati ya klachi na breki, vikapewa plaizi. Kukawa na kuhema, kukawa na kukwaruza, kukawa na neno ambalo Bi Semeni alikohoa juu yake ili mwali asilisikie. Kichwa cha waya kilikuwa kimekatika kweli, na waya uliobaki ulikuwa umechakaa, nyuzi zake zimesimama kama nywele za mtu aliyeamka vibaya, na ulikuwa mfupi. Ulikuwa unaikosa pedeli kwa urefu wa kidole. Luqmani akafunga kamba ya viatu, ikateleza. Akafunga kipande cha waya wa kuanikia nguo; kikateleza. Zuleha akatoa uzi wa kusukia nywele, ule mweusi mgumu, ukashika, Luqmani akasema "Alhamdulillahi," ukateleza. Waya ulikuwa na grisi ya miaka kabla ya Shakila kuzaliwa. Kilichoweza kuukamata ni meno ya plaizi, basi.

"Natoka," alisema Luqmani.

Hakutoka. Alijinyanyua, tumbo likagonga usukani, na honi ikalia *piiiii*. Akashuka. Akajinyanyua tena. *Piiiii! Pi! Piiiii!*

Jumamosi ya Shaabani, nyumba yenye harusi, honi inalia: kila aliyesikia alijua maana yake. Mwali anatoka! Milango ya mtaa mzima ikafunguka. Wakaja wanawake na vigelegele, wakaja wengine na miiko mikononi, mama mmoja akaja anarusha mchele, na wote wakasimama mbele ya Kiini cha Yai wakitazama soksi mbili zinazopunga hewani.

"Ndiyo bwana harusi huyo?" mmoja akauliza.

"Huyo ni mjomba."

"Mbona anazaliwa upya?"

Kigelegele kilichokuwa kimeanza hakikujua kiishie wapi, kikageuka kicheko. Hamza peke yake hakucheka. Alisimama kando ya mpapai na futikamba yake shingoni, akitazama saa na jua, jua na saa. Siku hiyo ilikuwa ya mtoto wake, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Ikabidi Luqmani avutwe. Zuleha akakamata mguu mmoja, Hamza mwingine, wakavuta, na mjomba akaja nusu, akakwama kwenye mshipi. Bi Semeni ndiye aliyetoa ushauri. Kwenye kikapu cha mwali kulikuwa na chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na asumini, ya kujipaka usiku ule. Wakayamimina kiunoni mwa Luqmani bila kumwomba ruhusa. Akachomoka mara moja kama embe bivu kutoka kwenye ganda lake, akaanguka juu ya mchele wa watu, amelowa, ananukia kama mtu anayesubiriwa chumbani.

"Sasa huyu naye," Bi Semeni alisema, "tukimfikisha Mkuyuni watamchanganya na mwali."

*

"Basi nipige simu?" Hamza aliuliza.

Luqmani alikuwa amekaa kwenye ngazi akijifuta kwa kanga ya dada yake. Alimwonyesha kwa kidevu: piga. Kwa mtu wa kifua kama yeye, kuruhusu kulikuwa sawa na kulia.

Hamza akapiga. Mwenye Noah wa kwanza alikuwa Kihonda na harusi ya watu. Wa pili alikuwa njiani kwenda Mzumbe na harusi ya watu. Wa tatu akasema, "Mzee, leo bwana harusi ni mimi mwenyewe." Ndivyo Shaabani ilivyo. Mfungo ukikaribia, Morogoro nzima hukumbuka kwamba ilikuwa na mchumba. Bajaji za mtaani zilikuwa zimevaa riboni. Mmoja akataja bodaboda, na Bi Semeni akafungua dirisha.

"Shela hili kwenye bodaboda? Upepo ukilikamata, tutampokea Dodoma."

Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka upande wa Mzumbe. Hapo mwali alimwinamia somo wake akamnong'oneza. Bi Semeni alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema kwa sauti ya mpiga mbiu:

"Mwali anauliza: kwani baba yake leo ana kazi gani?"

Hakuna aliyeelewa.

"Anasema waya unakamatwa na plaizi, na plaizi inakamatwa na mkono, na baba yake anao mkono, na mkono wenyewe ni mwembamba."

Watu wakamgeukia Hamza. Hamza akajitazama, kama vile na yeye alikuwa anajiona kwa mara ya kwanza. Kisha akavua futikamba, akamkabidhi mkewe, akafungua mlango wa abiria.

Aliingia kama uzi kwenye tundu la sindano. Hakulala chali, hakupandisha mguu hewani. Alijikunja tu chini, mgongo kwenye ubao wa kiti, magoti masikioni, mkono wa kulia ukapotea nyuma ya dashibodi upande wa kati ambako waya unachungulia. Fundi cherehani ameishi maisha yake yote kainama juu ya pedeli. Kwake pale palikuwa kama ofisini.

"Nimeukamata," alisema.

"Vuta!" Luqmani alisimama ghafla.

Kiini cha Yai kikanguruma mpaka kuku wakaruka.

Mtaa mzima ukashangilia, na safari hii vigelegele vilijua vinakwenda wapi. Lakini Zuleha hakupiga kigelegele. Alikuja akainama mlangoni.

"Mume wangu, unajua mwenyewe. Baba wa mwali haonekani ukweni siku ya kwanza. Watasema umekuja kuhesabu sahani."

"Najua."

"Watanisema mpaka mjukuu aote ndevu."

"Zuleha, najua. Pale darajani kabla ya kwao si kuna mteremko? Nitashuka pale, Kiini kitateremka chenyewe mpaka mlangoni. Atakayeonekana ni mjomba mtu peke yake." Alisema maneno ya mwisho bila kumtazama Luqmani, ingawa kwa jinsi alivyojikunja asingeweza kumtazama mtu yeyote isipokuwa goti lake.

*

Wakaondoka. Ukikaa kiti cha dereva ulikuwa unaona barabara na huna mafuta. Ukikaa chini ulikuwa una mafuta na huoni kitu ila kiatu cha dereva, ambacho kwa mazoea kiliendelea kukanyaga pedeli iliyokufa.

"Vuta, shemeji. Legeza. Legeza! Tuta hilo!"

Kiini kikaruka tuta. Kichwa cha Hamza kikagonga dashibodi, kikapu cha mwali kikamwagika.

"Neno linalotangulia liwe 'tuta'," Hamza alisema kutoka chini, "'legeza' lifuate."

"Nitakumbuka. Vuta."

Walipopita Bigwa walikuwa wameshaelewana. Vuta ya kawaida ilikuwa vuta. Vuta ya kulipita lori ilikuwa "Vuta, vuta, Hamza, vuta!" Waliokaa barazani waliliona gari la njano likipita na mjomba ndani amekunja uso, anapiga kelele peke yake, na wakasema harusi zina gharama, angalieni zilivyomfanya.

Kisha wakafika kilima cha Kiroka. Pale barabara inapinda na kupanda, inapinda na kupanda, upande mmoja mlima, upande mwingine migomba ya watu chini kabisa. Kiini kikaanza kuhema.

"Vuta, shemeji! Yote!"

"Shemeji, hebu nikuulize jambo dogo tukiwa tunapanda."

"Uliza tukifika juu!"

"Juu hutanisikia." Hamza hakupandisha sauti. Hakuwa na haja. "Shakila ni mtoto wa nani?"

"Swali gani hilo? Wa dada yangu!"

Kiini kikapunguza mwendo.

"Na wako! Wa dada yangu na wako!"

"Anza na mimi."

"Wako! Wako na wa dada yangu!"

Kiini kikachangamka. Bi Semeni, huko nyuma, alikaa vizuri kama mtu aliyeletewa kahawa.

"Sare zake za shule, tangu darasa la kwanza mpaka alipomaliza, alimshonea nani?"

"Wewe, Hamza, wewe! Kuna lori nyuma yetu!"

Lilikuwepo kweli, lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu Matombo, na lilikuwa linapiga honi.

"Na mimi nikisema neno kikaoni, huwa mnaniambiaje?"

Luqmani akatazama lori kiooni. "Tunakwambia ukae."

"Na kikao kijacho?"

"Utasimama."

"Nitasimama nifanye nini?"

"Utasema! Utasema mpaka uchoke! Vuta, nakuomba, vuta!"

Kiini kikapanda kona nzima kwa raha. Ilikuwa imebaki kona moja tu.

"Na mjukuu wa kwanza," Hamza alisema, "jina atatoa nani?"

"Hilo hapana." Hapo Luqmani alikaza shingo. "Hamza, hilo siwezi. Jina anatoa mjomba. Si mali yangu, ni mali ya ukoo. Wazee watanifufukia."

Chini mkono ukalegea. Kiini kikapungua, kikapungua tena, kikasimama katikati ya kilima kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Kisha, taratibu sana, kikaanza kurudi nyuma. Luqmani alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori likapiga honi ndefu.

"Luqmani!" Bi Semeni alimkumbatia mwali. "Mpe mtu jina! Au unataka tufe nalo mkononi?"

"La kwanza atoe yeye! La pili nitoe mimi!"

"Somo ni shahidi?" Hamza aliuliza.

"Somo ni shahidi, mwali ni shahidi, dereva wa lori ni shahidi! Vuta, baba, vuta!"

Akavuta. Wakafika juu, na upepo wa mlimani ukaingia madirishani ukawakausha jasho. Mkono wa Hamza ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani, na uzi mmoja wa waya ulikuwa umemchoma kidole, damu inamchirizika mpaka kwenye kiwiko cha kanzu. Nyuma yake shela likasogea. Mkono wenye hina mbichi ukapita pembeni ya kiti, ukateremka chini mpaka ukamgusa bega, ukabaki hapo.

"Kaa vizuri, mwanangu," Hamza alisema. "Shela litajikunja, na nimelipiga pasi mwenyewe."

Mkono haukuondoka.

*

Jua lilikuwa limekaa juu ya kilele, halijazama, walipoikaribia Mkuyuni. Luqmani alianza kutabasamu. Daraja lilikuwa lile pale mbele, na baada ya daraja mteremko, na chini ya mteremko nyumba ya akina bwana harusi yenye mapambo. Alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kujisifu.

"Shemeji, jiandae kushuka. Legeza. Legeza kabisa."

Lakini watu wa Mkuyuni ni watu wa kupokea. Hawakungoja mlangoni. Walikuwa wamepanda wote mpaka darajani, wale wa Canter na wa kwao, na walipokiona kigari cha njano ngoma ikapasuka. Kabla Luqmani hajakanyaga breki vizuri walikuwa wamekizunguka pande zote, na mlango wa Hamza ukawa umeegemewa na matarumbeta.

"Nitashukaje?" Hamza alinong'ona.

"Hushuki!" Luqmani alinong'ona kwa kelele. "Somo, mfunike!"

Bi Semeni alivuta kanga mbili kutoka kwenye kikapu, akazitupa mbele juu ya Hamza, akazichomekea pembeni kama anavyofunika wali. Mteremko ukawachukua. Kiini kikashuka polepole katikati ya ngoma, bila mafuta, kwa heshima ya gari la serikali, kikasimama mbele ya nyumba. Jua lilikuwa bado lina nusu.

Bi Mwanvita alikuwa mlangoni amejifunga mkaja. Alitazama jua, akatazama gari, akaridhika kwa shida.

"Mmefika," alisema.

"Nilisema nitamleta," Luqmani alijibu, kifua kimerudi mahali pake. Aliteremka, harufu ya asumini ikateremka naye, akaegemea boneti. "Kwa gari langu, kwa mikono yangu, peke yangu. Sikusaidiwa na mtu."

"Mashaallah. Unanukia."

"Safari ndefu."

Bi Mwanvita alikuwa mtu wa kuchungulia. Alichungulia nyuma akamwona mwali, akapiga kigelegele kimoja kifupi cha kufungulia. Alichungulia na mbele.

"Na hapo chini ya kiti umebeba nini?"

"Magimbi," Luqmani alisema haraka. "Gunia la magimbi. Zawadi ya wajomba."

"Gunia zima! Vijana, njooni mshushe magimbi."

"Yasiguswe!" Luqmani akarukia mlango wa abiria, mikono kaitandaza. "Yana... bado yana udongo. Yatachafua watu. Yatashushwa kesho. Nitayashusha mwenyewe. We kijana, nimesema acha mlango! We mwenye fulana nyekundu!"

Hapo ndipo alipofika Mikidadi, bwana harusi. Ni kijana aliyefundwa, kila mtu Mkuyuni atakwambia. Alikuwa na kanzu mpya na kilemba kilichomlemea, na jambo la kwanza alilojua lazima afanye, kabla hata ya kumtazama mkewe, ni kumwamkia mkubwa aliyemletea. Akaja mpaka ubavuni mwa gari, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Luqmani hakusikia. Alikuwa anagombana na fulana nyekundu.

Watu wakatazamana. Ngoma nayo ikapunguza. Si vizuri amkio la bwana harusi kuanguka chini bila wa kulipokea, tena mbele ya mwali. Mikidadi akaona labda sauti haikutosha. Akajiinamisha zaidi, uso wake ukawa karibu kabisa na dirisha, akarudia kwa moyo wote:

"Shikamoo, *baba*!"

Chini ya kanga kulikuwa na mtu mwenye ganzi begani na damu kwenye kidole, mtu aliyekuwa ameambiwa akae tangu alipooa, na mtu huyo alilelewa asiliache amkio la mtoto lipotee.

"Marahaba, mwanangu," yalisema magimbi. "Hujambo?"

Bi Mwanvita alimgeukia Luqmani, ambaye mikono yake ilikuwa bado imetanda mlangoni.

"Haya magimbi yako," akamwambia, "yana adabu kuliko dereva."